Farasi Themanini wa Zaafarani

Wanangu, mtu akikwambieni gari lake lina farasi mia nne, msimbishie na wala msimsifu. Muulizeni tu: nani kawahesabu? Halafu mtazameni uso. Nusu ya kazi yangu ilikuwa katika swali hilo, na nusu ya pili ilikuwa kulala chini ya magari nikivuja jasho.

Siku za wiki nilikuwa fundi wa gereji ya serikali hapa Firq, kando ya Nizwa, Omani. Wikiendi za msimu wa baridi nilikuwa mkaguzi mkuu wa klabu yetu ya magari ya zamani ya Kimarekani, yale yenye boneti refu na injini ya silinda nane, tunayoyashindanisha kwenye njia yetu iliyonyooka nje ya Ibra. Sasa nimestaafu huku na huku, mgongo umekataa kuinama, na nyinyi mnaonunua haya magari mnanijia Nizwa na maswali yenu. Basi kaeni.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Magari mawili yanasimama ubavu kwa ubavu, taa inawaka kijani, anayefika wa kwanza kashinda. Kigumu ni kuamua nani asimame na nani. Ukimsimamisha mwenye nguvu na dhaifu, watu watakwenda nyumbani kabla ya adhuhuri.

Kwa hivyo tunafanya hesabu. Tunachukua uzito wa gari, dereva akiwa ndani, tunaugawa kwa nguvu za injini zilizoandikwa na kiwanda. Gari la kilo elfu moja na mia sita lenye farasi mia tatu na ishirini, kila farasi kabeba kilo tano. Gari ambalo kila farasi kabeba kilo nne litamwacha mwenzake, hata dereva wake awe mzito wa mkono. Tukayagawa magari kwa hesabu hiyo na madaraja tukayapa herufi, kama tulivyosoma chuo cha Kurani: Alifu ni la magari makali kabisa, linafuata Be, kisha Te. Ndani ya daraja moja farasi wanabeba mzigo unaokaribiana, kwa hivyo kinachobaki ni dereva, matairi na roho.

Mmefahamu? Sasa fikirini ni njia ngapi za kuiharibu hesabu hiyo.

Kulikuwa na pacha wawili wa Sur, mmoja mnene, mwengine mwembamba kama ufito. Walikuja na gari moja. Mnene akakaa kwenye usukani tukawapima, uzito ukatoka mkubwa, wakapata daraja la chini. Kwenye mbio, gari likaruka kama limefukuzwa. Liliporudi nikaenda kulipokea mwenyewe, nikamkuta ndani yake yule mwembamba, na mkanda wa kiti umelegea, ungeweza kumfunga yeye na mbuzi.

"Ndugu yako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Anaswali, ammi."

"Asubuhi hii, swala gani?"

Akatazama jua. "Dhuha."

Nikatazama nyuma ya lori lililoleta gari lao, na wallahi yule mnene alikuwa kasujudu kweli. Sijui kama alikuwa akiomba msamaha. Tangu siku hiyo tukaandika sheria: mshindi anapandishwa mizani mara tu anapotoka njiani, dereva yule yule, mlango haujafunguliwa.

Zamani tulikuwa tukienda kupima kwenye mizani ya malori ya mawe, na saa tulikuwa tunazo mkononi, mtu na macho yake. Siku hizi mna vibao vidogo vya kupimia uzito, kila tairi na chake, na miale ya taa inayokamata gari linapopita. Vizuri sana. Lakini hata kibao cha kisasa ukikiweka juu ya changarawe kitakudanganya. Tafuteni sakafu iliyo sawa, kisha mimineni maji juu yake mtazame yanakokwenda. Yakikaa, pimeni.

Aliyenifundisha mimi ni Fundi Nassor, Mungu amrehemu. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Omani kwa kupitia Kuwait, na huko Kuwait aliyajua haya magari yakiwa bado mapya yananukia ngozi. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Nati ikimgomea aliitukana kwa Kiunguja, kwa Kiarabu na kwa Kihindi cha gereji, akaomba msamaha kwa Mungu, kisha akaitukana tena. Alinifunza kwamba silinda haipimwi ikiwa na moto, kwa sababu chuma kikipata moto kinavimba, nawe utamwita mtu mwizi kwa kosa la jua.

Na alinifunza jambo jengine ambalo halimo katika kitabu chochote cha ufundi. Gari likishukiwa, Nassor hakushika spana kwanza. Alimkalisha mwenye gari, akammiminia chai, akamuuliza: "Bwana, mna kitu humu ndani ungependa nikisikie kwako kabla sijakiona mwenyewe?"

Nilimwona bwana mmoja akinywa ile chai kimya mpaka gilasi ikawa tupu. Kisha akasema, "Kamshafti. Si ya kiwandani." Yaani ile shafti inayofungua na kufunga valvu, alitia yenye kunyanyua zaidi ili injini ivute pumzi kubwa. Nassor akasema, "Ahsante." Akamhamishia daraja la juu siku ile ile, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na neno. Bwana yule amekuwa mwanachama wetu mpaka leo.

Sasa njooni kwenye farasi wa karatasi, maana hapo ndipo vijana wengi mnapopotea. Zamani viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa peke yake juu ya meza ya chuma: haina altaneta, haina chujio la hewa, ekzosi bomba wazi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wakageuza, injini ikawa inapimwa na kila kitu chake, kama inavyokaa garini. Namba ikaporomoka, na injini ni ile ile. Ni kama kumkimbiza mtu na kikoi tu, halafu kesho ukamkimbiza kavaa bishti na khanjari kiunoni. Mtu hakudhoofika. Klabu yetu ilipoanza iliyaweka magari ya namba za kale na ya namba mpya katika jaduweli moja, na ikawa fujo mpaka tulipoyatenganisha.

Lakini kuna mchezo wa tatu, nao ndio ulionitia matatani na shemegi yangu.

Shemegi yangu, Humud, kaka yake mke wangu Zuwena, anakaa Ibra. Alikuwa mkubwa wa idara serikalini, mtu wa kanzu isiyokunjamana, akizungumza polepole na kila neno kalipima. Gari lake ni la njano iliyoiva, na sote tukiliita Zaafarani. Alilinunua limekufa kwenye ua wa mtu, akalifufua kwa mikono yake na kwa miaka mingi ya subira. Karatasi za kiwanda zilisema farasi mia tatu na ishirini. Akaingia daraja la Te. Akaanza kushinda.

Alishinda msimu wa kwanza watu wakampongeza. Msimu wa pili wakamwamkia tu. Msimu wa tatu wakaanza kunong'ona, na mnong'ono ukawa na sura ya Talib.

Talib ni kijana wa Sur, mkandarasi, mwenye gari jeusi katika daraja hilo hilo la Te. Alinijia mbele ya watu wote, kofia mkononi.

"Ma yisir, ammi Masoud! Haiwezekani! Gari lile lina kitu ndani. Nawe huligusi kwa sababu ni shemegi yako."

Watu wakasogea kusikia nitasema nini. Humud alikuwa amesimama karibu, akifuta kioo. Hakugeuka.

"Jumamosi ijayo," nikasema, "gerejini Firq. Nitaifungua injini mchana kweupe, na kila mwanachama anayetaka kuja aje. Wewe Talib utashika taa."

Wakaja kama wanakuja harusini. Nikamkalisha Humud, nikammiminia chai, nikamuuliza lile swali la Fundi Nassor. Akaniangalia machoni.

"Hamna kitu, Masoud. Fungua."

Nikafungua. Nikatoa kabureta, nikaitazama namba yake: ya kiwandani. Nikavua kichwa cha injini, nikapima silinda, nikapima mwendo wa pistoni, nikapima kamshafti inanyanyua valvu kiasi gani. Talib kashika taa, jasho linamtiririka, kila kipimo anakisoma mwenyewe kwa sauti. Kila kipimo kilikuwa kama kilivyoandikwa. Hata gasketi ilikuwa ya unene wa asili. Mwisho Talib akaiweka taa chini, akamwendea Humud, akambusu bega.

"Nisamehe, ammi Humud."

"Umesamehewa," Humud akasema. Nikasimama juu ya kiti nikawatangazia wote kwamba injini ile ni safi kuliko injini yoyote niliyowahi kuifungua. Watu wakapiga makofi. Humud hakutabasamu, lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Ingekuwa mimi ni mtu wa kutaka raha, ningeishia hapo.

Tatizo ni kwamba injini haikuwa na uwongo, lakini saa zetu nazo hazikuwa na uwongo. Na hapa sikilizeni vizuri. Muda wa mbio unakupa habari za dereva na matairi. Kasi ya mwisho, pale anapovuka mstari, ndiyo inayokupa habari za injini. Dereva mbovu anaweza kuchelewa kuondoka, lakini huwezi kufika mwisho na kasi usiyokuwa na nguvu nayo. Na Zaafarani, kwa uzito wake, lilikuwa likivuka mstari kwa kasi ambayo farasi mia tatu na ishirini hawawezi kuitoa, hata uwachape.

Nikatafuta magari mengine ya aina ile ile. Nikapata moja Sur na jengine Nizwa hapa, watu wawili wasiojuana. Nikayapandisha pamoja na Zaafarani kwenye mashine ya roli, ile ambayo gari linakimbia limesimama na mashine inahesabu nguvu. Yote matatu yakatoa jibu moja: kama farasi mia nne.

Kumbe kiwanda kilisema ukweli, lakini wa nusu njia. Waliandika nguvu za injini inapozunguka kwa mwendo wa wastani, wakanyamaza juu ya zile zinazotoka inapozunguka kwa kasi. Wakati ule watu wa bima huko Marekani walikuwa wakiwabana wenye magari ya nguvu nyingi, kwa hivyo namba ndogo iliuza vizuri. Humud hakuiba kitu. Alibeba namba ambayo watu wengine waliipunguza kabla hajawa na ndevu.

Sasa mkaguzi afanye nini? Nikimwacha Te, kila mwenye gari la Te anakuja kwenye mbio ambazo zimekwisha kabla taa haijawaka. Wengine walikuwa wameshaanza kuuza magari. Nikimpandisha Be, wale wote waliopiga makofi watasema, kumbe kulikuwa na jambo.

Sikutaka alisikie uwanjani. Nikaendesha mpaka Ibra, nikaingia mejlisi, sebule yake ya wageni, nikamweleza yote: roli, kasi ya mwisho, magari mawili mengine. Nikamwambia namba itapanda kwa kila gari la aina ile, si lake tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kahawa yangu ikapoa.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema polepole, "wakaona sina doa. Sasa unanivalisha nguo ya mwizi."

"Shemegi, si adhabu hii. Ni hesabu."

"Hesabu gani inampata mtu mmoja tu?"

"Inawapata watatu."

"Hao wawili hawashindani, Masoud! Hao magari yao yanakwenda sokoni na kurudi!"

Hapo alikuwa na haki. Akainuka. Kwa Humud, kuinuka ilikuwa ni kunifukuza.

Nikatangaza namba mpya. Humud akalifunika Zaafarani turubai na hakuja tena uwanjani. Wala hakuja kwetu. Idi ikaingia, shuwa, ile nyama ya kufukiwa motoni, ikatolewa shimoni, jamaa wote wakajumuika kwake, mimi nikapelekewa salamu kwamba Zuwena anakaribishwa. Zuwena peke yake. Hakwenda, lakini na mimi hakunisamehe.

"Wewe mkaguzi wa magari," akaniambia, "ungekagua na moyo wa kaka yangu kidogo."

"Ningeliacha gari lake lishinde mpaka lini?"

"Sijasema ungeliacha. Nasema ungemwambia vyengine."

Nilikasirika, kwa sababu nilijua nimesema sawasawa. Mtu aliyesema sawasawa ndiye mgumu zaidi kumfahamisha kwamba hakusikika.

Aliyemfahamisha Humud ni binti yake, Rahma. Anafanya kazi kituo cha wageni Ras al Jinz, anawaonyesha watalii kasa wanavyotaga. Kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini kichwa chake kinakata. Alinipigia simu mchana mmoja.

"Shikamoo ammi. Mimi nataka kufahamu kitu moja tu. Gari yetu, namba ya kwanza ilikuwa ngapi?"

"Marahaba. Mia tatu na ishirini."

"Na sasa umesema mia nne. Yaani baba yuko na farasi themanini zaidi ya ile walimwambia?"

"Ndiyo, mwanangu. Na injini haikuguswa."

Akacheka. "Basi kwa nini wewe hukumwambia hivyo?"

Nikarudia kichwani maneno yangu ya siku ile Ibra. Wallahi nilikuwa nimemweleza kasi, uzito, roli na sheria, na hilo moja sikulisema: kwamba injini aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe uani kwake inatoa nguvu kamili, kila chembe, kama siku ilipotoka kiwandani. Magari mangapi ya umri ule yanaweza kusema hivyo? Yale mengine mawili yalifika mia nne kwa shida. Zaafarani lilipita kidogo.

Sijui Rahma alimwambia nini baba yake, wala kwa lugha gani. Ninachojua ni kwamba mbio za mwisho za msimu, asubuhi ambayo hewa ilikuwa baridi na nzito, na hewa nzito ndiyo inayopendwa na injini, nikaona rangi ya njano inateremka barabarani. Humud akaegesha kwenye foleni ya Be. Hakunisalimia. Nikampima, nikamwandika, nikampa ishara apite.

Akapangwa na bingwa wa Be, daktari mmoja wa Nizwa mwenye gari la buluu ambalo halikuwa limeshindwa mwaka mzima. Taa ikawaka. Wakaondoka pamoja, na moshi wa matairi ukatufunika sote. Moshi ulipopanda niliyaona yote mawili yakiwa yameshikana, boneti kwa boneti, njia nzima, na Talib kasimama juu ya ukuta anapiga kelele, "Yallah, ammi Humud! Yallah!" mpaka sauti ikamkatika. Wakavuka. Ubao ukaonyesha buluu, kwa upana wa kiganja.

Nikasema moyoni, khalas, leo nimempoteza kabisa.

Zaafarani likarudi taratibu. Anayeshindwa hapimwi, anakwenda zake. Humud hakwenda zake. Akalileta mpaka kwenye mizani, akasimama juu yake, akateremsha kioo. Uso wake ulikuwa mwekundu na macho yanang'aa kama ya kijana wa miaka ishirini.

"Masoud! Umemwona? Alikuwa hapa!" Akanyoosha mkono dirishani kuonyesha ubavu wa gari. "Hapa hapa, mpaka mwisho! Miaka yote ile sijapata kumwona mtu pale, nikiwaona kwenye kioo cha nyuma tu!"

"Nimemwona, shemegi."

"Nipime. Nataka nijue nimepungukiwa nini."

Nikampima. Nikatazama kibao, nikapima tena. Hakuwa amepungukiwa. Alikuwa amezidi, na amezidi sana, kilo ambazo hakuna haja ya mtu kuzikimbiza. Asubuhi niliangalia tu kwamba kiwango cha chini cha uzito wa Be kimefika, sikujali kilichozidi.

"Una nini humu ndani?"

Akazima injini. Nikaenda nyuma nikafungua buti. Mkeka. Dumu mbili za maji. Dele la kahawa. Bakuli la halwa la Nizwa, lile kubwa. Na sufuria la biriani, limefungwa kwa shuka na kukazwa kamba pande nne, la kulisha ukoo.

Daktari wa gari la buluu alikuwa amefika kunitazama, akaangua kicheko mpaka akashika goti.

"Humud," nikamwambia, "umekimbizana na bingwa wa Be ukiwa na jiko zima."

"Sikuwa na pa kuliweka," akasema, na kanzu yake kwa mara ya kwanza ilikuwa imekunjamana. "Mpe khabari Zuwena aje. Limepikwa kwa ajili yenu."

Nikamsaidia kulitoa. Tukatandika mkeka kivulini pa lori linalobeba mizani yetu, Talib akaja ananawa mikono kabla hajaalikwa, na daktari akaja na watoto wake. Zuwena akashuka garini kwangu, Rahma akaja kutoka kwa watazamaji, wakapakua. Humud akanisogezea mbele yangu nyama yote iliyokuwa upande wake, akatazama njia, akatazama buti la Zaafarani lililo wazi na tupu.

"Kuleni mumalize," akasema. "Jioni narudiana na huyu daktari, na sitaki kubeba hata punje."